Bingwa Mara Tisa Alipoamua Kukimbia Polepole na Rafiki Yake Mwenye Kansa



Grete Waitz wa Norway alishinda New York City Marathon mara tisa kati ya mwaka 1978 na 1988. Mara tisa! Hakuna mwanamke wala mwanamume mwingine aliyewahi kuifikia namba hiyo. Lakini siku yake iliyowagusa watu kuliko zote tisa ni siku aliyomaliza nyuma ya maelfu ya wakimbiaji, wakiwemo wastaafu, makarani na watu waliokuwa wanakimbia marathoni kwa mara ya kwanza maishani. Ilikuwa Jumapili, tarehe 1 Novemba 1992. Mwanamke ambaye kawaida anamaliza kilomita 42 kwa masaa 2 na nusu hivi, siku hiyo alitumia masaa 5 na dakika 32. Alifika mwisho ameshikana mkono na mzee wa miaka 60 mwenye ndevu na kofia ya waendesha baiskeli, wote wawili wanalia kama watoto.

Mzee huyo ndiye aliyezianzisha mbio zenyewe. Anaitwa Fred Lebow, na alikuwa na kansa ya ubongo.

Ili uelewe kwa nini watu walikuwa wanamwaga machozi barabarani, inabidi kwanza umjue huyu jamaa, maana maisha yake ni sinema. Alizaliwa mwaka 1932 katika mji wa Arad, Romania, kwenye familia ya Wayahudi wenye kushika dini sana. Akanusurika enzi za Hitler, akaondoka kwao akiwa bado kijana, akatangatanga Ulaya, mwishowe akatia nanga Marekani. New York aliingia kwenye biashara ya nguo, na kazi yake ilikuwa ile ile inayofanyika leo kila soko la mjini: kuangalia mitindo ya wabunifu wakubwa, kuinakili fasta na kuiuza kwa bei ya watu wa kawaida. Kukimbia alianza ukubwani, tena kwa sababu ya tenisi tu. Alikuwa anatafuta pumzi ya kuwafunga wenzake uwanjani. Tenisi ikasahaulika, mbio zikamla mzima mzima.

Mwaka 1970 yeye na wenzake wachache wakaandaa marathoni ya kwanza ya New York. Usifikirie madaraja yaliyofungwa na helikopta angani. Watu walizunguka ndani ya bustani ya Central Park tu. Kiingilio kilikuwa dola 1. Waliojiandikisha ni 127, waliomaliza ni 55. Mshindi alikuwa mfanyakazi wa zimamoto aliyetoka zamu ya usiku. Hata vikombe vya zawadi vilikuwa vya mtumba, vilivyobaki kwenye mashindano ya michezo mingine. Fred mwenyewe alikimbia siku hiyo, akashika nafasi ya 45.

Kilichozibadilisha mbio hizo ni mwaka 1976, wakati jiji la New York lilikuwa limefilisika hivi hivi unaliona. Mwaka mmoja kabla, serikali ya jiji ilikosa kidogo tu ishindwe kulipa madeni yake. Likaletwa wazo la kuzitoa mbio bustanini na kuzipitisha kwenye wilaya zote tano za jiji: Staten Island, Brooklyn, Queens, Bronx na Manhattan. Mwanzoni Fred aliliona ni wazo la kichaa. Nani angefunga barabara za jiji lile kwa ajili ya watu wenye kaptula? Lakini alipokubali, akalibeba kama lake. Watu zaidi ya 2,000 walianza mbio mwaka ule, na wakazi wa mitaa ambayo walikuwa hawatembeleani wakatoka nje kuwapigia makofi wageni. Kwa jiji lililokuwa linaandikwa magazetini kwa uhalifu na takataka, hiyo haikuwa habari ndogo.

Fred alikuwa mtu wa promo haswa. Kamera akiiona alikuwa hachelewi. Hakuoa, hakuwa na saa za kazi wala saa za mapumziko, maisha yake yote yalikuwa ni ile Jumapili moja ya kila mwaka. Na ni promo hiyo hiyo iliyomleta Grete.

Mwaka 1978 Grete alikuwa mwalimu wa shule Oslo, umri miaka 25, aliyewahi kuweka rekodi za dunia za mbio za mita 3,000. Marathoni hakuwahi kukimbia hata moja. Mume wake, Jack, ndiye aliyemshawishi. Aliwaza kwamba hata wakishindwa, angalau watakuwa wametembea New York kwa gharama za wenye mbio. Fred naye alipoliona jina lake aliwaza jambo moja tu: huyu mwenye kasi atawavuta wenzake kilomita za mwanzo, halafu achoke ajitoe, na wengine watapata muda mzuri. Kumbe alikuwa anamkaribisha malkia. Usiku wa kuamkia mbio Grete alikula nyama na kushushia mvinyo kama mtu aliyeko fungate. Asubuhi akakimbia. Kilomita za mwisho zilimtesa vibaya sana, ila alishinda kwa masaa 2, dakika 32 na sekunde 30, akaishusha rekodi ya dunia ya wanawake kwa zaidi ya dakika mbili. Waandishi wakaanza kuulizana huyu ni nani. Yeye alimtafuta mumewe, akavua raba, akamrushia. Kwamba hatarudia tena upuuzi huu!

Akarudi mwaka uliofuata. Na uliofuata tena. Wakati huo urafiki wake na Fred ulikuwa umeshakua, na ni urafiki wa watu wasiofanana hata kidogo: mmoja mropokaji anayependa matangazo, mwingine mkimya asiyependa hata kupigwa picha.

Hapa kuna jambo la kwetu la kukumbuka, maana historia hii haiko mbali kama inavyoonekana. Mwaka 1987 Ibrahim Hussein wa Kenya alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda pale. Mwaka 1989 ikawa zamu ya Mtanzania, Juma Ikangaa, mwanajeshi ambaye Boston walikuwa wameshamzoea kwa kushika nafasi ya pili. New York hakukubali hiyo. Alimaliza kwa masaa 2, dakika 8 na sekunde 1, rekodi ya njia ile iliyodumu mpaka 2001. Hiyo ndiyo ilikuwa marathoni ya mwisho Fred kuisimamia akiwa anajiona mzima.

Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 1990, madaktari wakakuta uvimbe kwenye ubongo wake. Kansa. Alionekana mtu wa kuhesabiwa miezi. Ikaanza safari ya mionzi na dawa kali, nywele na ndevu zikamnyonyoka, kofia yake ikabaki inaficha upara. Na huyu bwana, akiwa mgonjwa wodini, akaanza kutembea. Alipima korido, akajua mizunguko mingapi inatimiza maili moja, akawa anaihesabu kila siku. Kwanza kutembea, baadaye kujikongoja kwa mwendo wa kukimbia. Wagonjwa wengine walikuwa wanamshangaa.

Uvimbe ukarudi nyuma, na hapo ndipo jambo moja la ajabu likaanza kumkera. Fred alikuwa amekimbia makumi ya marathoni katika nchi nyingi, lakini ile njia ya wilaya tano, njia aliyoijenga kwa mikono yake, hakuwahi kuikimbia hata siku moja. Angewezaje? Kila mwaka yeye ndiye aliyekuwa kwenye gari la mbele, anapiga kelele, anapanga watu, anaangalia saa. Ni kama mpishi wa harusi, kila mtu anakula, yeye anaonja chumvi tu.

Basi wakapatana na Grete. Mwaka 1992 Fred angetimiza miaka 60. Wangekimbia pamoja mwanzo hadi mwisho, na mbio hizo zitumike kuchangisha fedha za utafiti wa kansa. Grete alikuwa ameshastaafu mashindano. Hakuwa na cha kuthibitisha kwa mtu yeyote.

Watu wengi hudhani kwa bingwa kama yule, masaa matano na nusu ni matembezi ya kupunga upepo. Sio kweli, na yeyote aliyewahi kukimbia na mtu wa mwendo tofauti anajua. Mwili wa Grete ulikuwa umefundishwa kumaliza kazi kwa masaa mawili na nusu, kisha maji, kisha kuoga. Sasa hatua zinakuwa fupi, misuli isiyozoea ndiyo inabeba mzigo, miguu inagonga lami mara nyingi kuliko kawaida, na hali ya hewa ya Novemba inaanza kukukumbusha kwamba jasho limekauka. Halafu huwezi kuongeza mwendo. Kila hatua unamsikiliza mwenzako anavyohema, unaangalia kama anayumba, unajiuliza uvimbe ule umelala kweli au umejificha. Aliyetolewa jasho na wapinzani miaka mingi, siku hiyo alikuwa anatolewa jasho na hofu ya kumpoteza rafiki barabarani.

Walipita daraja la Verrazzano kutoka Staten Island kuingia Brooklyn. Walipita Williamsburg, mtaa wa Wayahudi wa madhehebu ya Hasidi, ambao miaka ya nyuma Fred alikuwa anaupita garini akiwatangazia kwa Kiyidi, lugha ya nyumbani kwao, kwamba wakimbiaji wanakuja. Safari hii mkimbiaji alikuwa yeye. Kila walipopita watu walikuwa wanaimba jina moja, Fred, Fred, Fred.  Walisimama, wakatembea, wakakimbia tena. Wanaume walishashinda zamani, Willie Mtolo wa Afrika Kusini akiwa amebeba taji kwa masaa 2 na dakika 9, na alikuwa ameshaoga, ameshahojiwa na pengine ameshakula, wakati hawa wawili bado wako kati ya barabara. Walipoingia Central Park giza lilikuwa halijafika, lakini jua lilikuwa limeshachoka. Wakashikana mikono. Wakavuka.

Miaka mingi watu waliokuja New York walikuja kuangalia nani wa kwanza. Mwaka ule walikuwa wamebaki kuangalia wa katikati na wa mwisho, na kamera zilibaki nao.

Tuwe wakweli, Fred na Grete hawakubuni kukimbia kwa ajili ya mchango. Mwaka 1988, kwenye mbio hizo hizo za New York, baba mmoja ambaye binti yake mdogo aliugua kansa ya damu alikusanya watu 38, wakajifua pamoja na wakapata dola 322,000 kwa ajili ya utafiti wa ugonjwa huo. Timu ile ndogo ikawa mfano ulioigwa Marekani nzima. Na ng'ambo ya bahari kuna marafiki wengine wawili wa kutajwa. Mwaka 1979 Chris Brasher na John Disley, Waingereza wawili wenye medali za Olimpiki za mbio za kuruka viunzi na maji, walikwenda kukimbia kwenye marathoni ya Fred. Walirudi kwao wakiwa hawalali. Kwa nini London isiwe na kitu kama kile? Tarehe 29 Machi 1981 ikafanyika London Marathon ya kwanza, na kati ya malengo yaliyoandikwa tangu mwanzo lilikuwepo la kutafuta fedha za viwanja na michezo ya wananchi. Washindi wa kwanza wa wanaume, Mmarekani Dick Beardsley na Mnorwe Inge Simonsen, walivuka mstari wameshikana mikono kwa makusudi. Hakukuwa na wa pili.

Leo London ndiyo baba lao wa michango: mbio za mwaka 2025 ziliingiza pauni milioni 87.3 kwa siku moja. Jinsi inavyofanya kazi ni rahisi. Nafasi ni chache, waombaji wamejaa kupita kiasi, na wengi wanaingia kwa bahati nasibu. Mashirika ya hisani yanapata fungu la nafasi kutoka kwa waandaaji. Wewe uliyekosa bahati nasibu unaliendea shirika, linakupa namba ya kifuani, nawe unaahidi kuleta kiasi fulani cha mchango. New York kiasi hicho kwa kawaida kinaanzia dola 3,000 hivi. Ukishindwa kukusanya, mara nyingi unajaziliza mwenyewe.

Kasoro ya mfumo huu iko wazi. Mwenye marafiki wenye hela anapata namba, mwenye marafiki wa kumchangia vocha anabaki kutazama kwenye simu. Na jamaa na ndugu nao wanachoka. Kila mtu anaijua ile hali ya kuamka na kukuta umeunganishwa kwenye grupu jipya la WhatsApp, huku orodha ya ahadi imeshaanza. Lakini fedha hizo zinafika, zinahesabika, na zinalipa mishahara ya watafiti na vitanda vya wagonjwa. Kati ya kasoro na faida hiyo, faida inashinda kwa mbali.

Mfano ni timu iliyobeba jina la Fred. Fred hakupona. Kansa ilirudi, akafariki tarehe 9 Oktoba 1994, wiki nne tu kabla ya marathoni. Wiki hizo zilipotimia, sanamu yake ya shaba, amevaa trakisuti na anaangalia saa ya mkononi, ilikuwa imeshasimama Central Park. Na siku ya mbio, Mkenya mwembamba aitwaye Tegla Loroupe akawa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kushinda New York. Fred asingekubali kukosa picha ile, basi tu. Mwaka uliofuata kikundi cha wakimbiaji wanaochangia hospitali ya kansa ya Memorial Sloan Kettering kikapewa jina lake, Fred's Team. Kimeshakusanya zaidi ya dola milioni 100. Njia ya marathoni inapita First Avenue, jirani kabisa na hospitali hiyo, na kila mwaka watoto wanaotibiwa pale huletwa nje barabarani kuwapungia mkono wakimbiaji wenye fulana za timu.

Na Grete? Baada ya yale masaa matano na nusu hakuwatazama tena watu wa nyuma kwa jicho lile la zamani. Mwaka 1993 alisikia kuna mwanamke mwenye ugonjwa unaoshambulia mishipa ya fahamu, anayekwenda marathoni kwa magongo mawili, usiku kucha, na huwa anafika asubuhi ya Jumatatu hakuna hata mtu mmoja wa kumpokea. Grete akaenda kumsubiri mwisho wa mbio. Yule mama alipofika, medali zilikuwa zimekwisha. Mume wa Grete, yule yule aliyerushiwa raba mwaka 1978, alikuwa amekimbia jana yake na kupata medali yake. Ikafuatwa hotelini, na Grete akamvalisha.

Mwaka 2005 kansa ikamfikia yeye mwenyewe. Aliishi nayo kimya kimya, bila kusema ni ya wapi, na aliendelea kufanya mazoezi katikati ya matibabu kama alivyomwona rafiki yake akifanya. Mwaka 2007 alishiriki kuanzisha taasisi ya Aktiv mot kreft huko Norway, kwa wazo ambalo wakati huo lilionekana geni: mgonjwa wa kansa apewe mazoezi kama sehemu ya tiba, sio aambiwe alale tu. Alifariki tarehe 19 Aprili 2011, akiwa na miaka 57.

Taasisi ile inaendelea, na sehemu ya fedha zake inatokana na watu wanaokimbia kuichangia. Imejenga vyumba vya mazoezi ndani ya hospitali za Norway, vinaitwa Pusterom, neno la Kinorwe linalokaribiana na kusema mahali pa kuvuta pumzi. Mle ndani kuna mashine za kukimbilia, baiskeli na wataalamu wa mazoezi. Mgonjwa anayetoka kwenye chumba cha dawa hana haja tena ya kuhesabu mizunguko ya korido.